Barua ya wazi kwa wanafunzi wa mwaka wa nne wa sayansi ya kompyuta: sifuri mbili za M-Pesa

Wanangu mnaomaliza shahada mwaka huu,

Nawaandikia nikiwa na uchungu. Msimu huu wa kutetea miradi, mwanafunzi baada ya mwanafunzi anasimama mbele ya jopo, duka lake la mtandaoni linapendeza macho, kisha anaulizwa swali dogo: mteja akikataa kuweka PIN, ni mstari upi unaoshughulikia jambo hilo? Kimya. Anaukodolea macho msimbo wake, yaani maandishi ya programu yake, kama mgeni. Akibanwa anasema, "Hapo ni akili unde iliandika." Jibu hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Siwakatazi vyombo hivi vya akili unde. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 kazi yetu imebadilika, na anayewaambia mjifanye haikubadilika anawapotezea muda. Ninachokitaka ni mjue namna ya kuvisimamia.

Chukueni malipo ya M-Pesa, maana karibu kila mradi unayo, na hapo mnashika pesa za watu. Ukikiomba chombo kikuandikie STK Push (ombi la malipo linalomtokea mteja kwenye simu ili aweke PIN) kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, bila maelezo ya kutosha, ni rahisi upewe msimbo unaotuma ombi, unaona ResponseCode, namba ya jibu la kwanza, ni 0, na papo hapo unaandika kwenye hifadhidata kwamba oda imelipwa. Haijalipwa! Sifuri hiyo inasema tu kwamba ombi limepokewa. Mteja bado hajagusa simu yake. Matokeo yenyewe huja baadaye kwenye CallBackURL yako, anwani ya seva yako inayopokea majibu, yakiwa na ResultCode, namba ya matokeo. Sifuri ya hapo ndiyo malipo. 1032 ni mteja kughairi, 1 ni salio kutotosha, 1037 ni simu kutopatikana au mteja kutojibu kwa wakati. Anayezichanganya sifuri hizi mbili anagawa bidhaa za mwenye duka bure.

Si hilo tu. Malipo yakishindikana, ujumbe unaorudi hauna sehemu ya CallbackMetadata. Msimbo unaokimbilia kusoma kiasi na namba ya risiti kabla ya kuangalia ResultCode utaanguka siku mteja wa kwanza atakapoghairi. Mbele ya jopo hauanguki, kwa sababu mnajaribu kwa simu yenu wenyewe, mna salio, na PIN mnaiweka sawasawa. Tena ujumbe uleule unaweza kufika mara mbili. Usipoifanya CheckoutRequestID, namba ya utambulisho wa ombi, kuwa ya kipekee kwenye jedwali la malipo, oda moja itahesabiwa mara mbili. Na unaweza usifike kabisa, seva yako ikiwa imezimika. Hapo lazima uwe na kazi inayopita kila baada ya dakika chache na kuuliza hali ya kila ombi ambalo halijajibiwa.

Kwa nini chombo kisiyaseme haya? Kwa sababu kinakuandikia kinachofanana na mifano kiliyojifunza, na mifano mingi ya mafunzo huishia pale mambo yanapokwenda vizuri. Hakijui duka lako. Wewe unalijua.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya kufungua chombo, chukua karatasi uandike njia zote: amelipa, ameghairi, salio halitoshi, simu imezimwa, jibu limekuja mara mbili, jibu halikuja. Hizo ni sita. Omba msimbo wa njia moja moja, si mfumo mzima kwa pumzi moja. Mistari 40 unaweza kuisoma ukaielewa, mistari 900 utaikubali tu. Kisha tunga ujumbe wa uongo wa kila njia, uutume kwenye seva yako kwa curl, programu ndogo ya kutuma maombi kwa seva, uangalie hifadhidata imebadilika vipi. Mwisho keti na mwenzako umsomee mstari kwa mstari kwa Kiswahili, Kiingereza au Sheng, lugha yoyote mnayoelewana. Mstari ulioshindwa kuueleza ufute, au ukiulize chombo mpaka uuelewe.

Mengine nayataja kwa ufupi. Pesa zihifadhiwe kwa namba kamili, zisizo na desimali, kwa sababu kwenye Python 0.1 + 0.2 haileti 0.3 kamili. Namba ya simu iwe maandishi, na kwa Daraja ianze na 254, si 0. Maktaba ya programu uliyotajiwa itafute kwanza kwenye PyPI, hazina ya maktaba za Python, kabla ya kuisakinisha, maana vyombo hubuni majina, na wahalifu huyasajili majina hayo wakiweka virusi. Ujumbe wa kosa wa Python usomeni kuanzia mstari wa mwisho kabla ya kuunakili.

Na sisi wakubwa tuna lawama yetu. Tunawadai ripoti ya kurasa 60, kisha mfumo wenyewe tunautazama kwa dakika 10. Kampuni zinachukua vijana wa mafunzo kazini, zinawakabidhi mfumo wa malipo bila mtu mzima wa kukagua kazi yao, kisha zinawalaumu pesa zikipotea. Hilo ni kosa letu, wala siwafichi.

Jambo moja la haraka kwa waliokwisha weka ufunguo wa siri kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo: kuufuta mstari hakutoshi, historia ya Git inautunza. Leo hii ubatilishe ufunguo huo na utoe mpya, ndipo usafishe historia. Namba na majina ya wateja halisi msiyabandike kwenye chombo chochote cha nje. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inawahusu hata mkiwa wanafunzi. Tungeni data ya uongo.

Wiki ijayo mkisimama tena na kuulizwa nani aliandika mstari fulani, semeni kweli: chombo kiliandika, nami niliukagua hivi, nikaujaribu kwa njia hizi sita, matokeo ni haya hapa. Mkiwa na matokeo hayo mkononi, nitawatetea mbele ya jopo lolote.

Ni mimi mwalimu wenu na mzee wenu.