Tangazeni na kasi ya kupakia

Mhariri,

Vijana wanaotaka kujijengea jina kwa kurusha gemu mubashara huanza kwa kununua kompyuta. Tunawasihi waanze na laini ya intaneti. Na hapo ndipo penye kero yetu: matangazo mengi ya wauza intaneti hutaja kasi ya kupakua (kupokea data) peke yake, ilhali mrushaji anategemea kasi ya kupakia (kutuma data).

Tyler Blevins wa Marekani, maarufu kama Ninja, alianza kurusha mwaka 2011. Machi 2018 alipocheza gemu la Fortnite na mwanamuziki Drake, zaidi ya watu 600,000 walimtazama kwa wakati mmoja. Hiyo ni miaka 7 ya kazi. Watazamaji wa fani hii hushikwa na mazungumzo: mtu anaandika swali, anajibiwa papo hapo. Picha ikiganda, mazungumzo yamekatika, naye anahamia kwa mwingine.

Pima kasi ya kupakia saa 2 usiku, majirani wakiwa wote mtandaoni, kwa siku 3 mfululizo. Shika kipimo cha chini kabisa, kisha tumia theluthi mbili yake tu. Mwenye megabiti 5 kwa sekunde, yaani kilobiti 5000, anaweza kurusha kilobiti 3000 za picha na 160 za sauti, zinazotosha picha ya mistari 720 yenye fremu (picha tuli zinazofuatana) 30 kwa sekunde. Kwa kiwango hicho, saa moja hula takribani GB 1.4. Bando la GB 10 huisha kwa saa 7, bila kuhesabu gemu lenyewe wala masasisho yake, ambayo mara nyingi ni mazito kuliko urushaji wenyewe.

Picha ikikatika, msikimbilie dukani. Programu ya kurushia ya OBS, ambayo ni ya bure, huonyesha takwimu za fremu zilizopotea. Zikipotea kwenye mtandao, kosa ni la laini: punguza kilobiti, acha waifai, chomeka waya kwenye ruta. Zikirukwa wakati wa kusimba picha (kuibana ili itumwe), kompyuta imeelemewa: hamishia usimbaji kwenye kadi ya michoro, au shusha ukubwa wa picha. Wengi huchanganya haya mawili, wakatoa fedha nyingi kwa kompyuta mpya na tatizo likabaki palepale.

Sauti nayo isidharauliwe. Maikrofoni ikae kama shibiri moja kutoka mdomoni, feni isiielekee. Picha hafifu huvumilika. Sauti inayokwaruza haivumiliki.

Kwa hiyo tunawaomba wauza intaneti waandike kwenye kila kifurushi kasi ya kupakia, tena ile ya saa 2 usiku. Kijana anayelipia megabiti 20 ana haki ya kujua kabla hajalipa kwamba za kupakia ni 2 tu.

Wapenzi wa gemu,
Mombasa