Kwa Mama Mapasa, aliyepewa darasa la mwaka wa kwanza

Lubumbashi, Katuba
Mwisho wa Agosti

Mama Mapasa mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa baba watoto na kwa mapasa (mapacha) wetu, ambao nasikia siku hizi wanagombania nani aende kuchota maji. Huku sote tu wazima. Vumbi la Agosti linatusumbua macho na upepo hautulii, lakini tu wazima.

Barua yako nimeisoma, nikairudia, na kilichoniuma ni pale ulipoandika kwamba "umeshushwa" hadi mwaka wa kwanza. Baada ya miaka yote uliyofundisha wa tano, direkta mpya anakukabidhi watoto wasiojua kushika biki, nawe umeona ni adhabu. Najua maneno ya chumba cha walimu. Eti mwalimu ni yule wa mwaka wa sita, kwa kuwa ndiye anayepeleka watoto kwenye mtihani wa taifa, na vyeti vikitoka jina lake linatajwa mbele ya wazazi. Mwaka wa kwanza anaachiwa aliyeanza kazi jana, au yule ambaye hana wa kumsemea. Mimi siyakubali maneno hayo hata kidogo. Mtoto anayeshindwa mtihani wa mwaka wa sita, mara nyingi alishindwa zamani, akiwa na miaka sita, amekaa benchi la nyuma, na hakuna aliyemwona. Darasa lile linahitaji mwalimu aliyekomaa kuliko wote shuleni. Kwa hiyo direkta wako, kwa kujua au kwa kutojua, amefanya vizuri, na mimi nataka nikueleze mwaka wenyewe unavyokwenda ili uingie nao ukiwa na moyo.

Jumatatu ya kwanza ya Septemba usitegemee kufundisha chochote. Ni machozi. Mtoto ameshika kitenge cha mama yake, mama naye anajikaza asilie. Shati jeupe na kaptula ya buluu vinamzidi mwili kwa sababu vimenunuliwa vivaliwe miaka miwili. Na usidhani ukiwahesabu siku hiyo umewamaliza. Wataendelea kuja hadi Oktoba. Tangu masomo ya msingi yawe bure Septemba 2019, kama ibara ya 43 ya Katiba ya Kongo ya 2006 ilivyokuwa imeahidi, darasa langu halijawahi kuwa na watoto chini ya themanini. Benchi la watu wawili linabeba wanne. Ni kazi ngumu, na walimu ambao hawajaingia kwenye listi ya mshahara wanateseka kupita kiasi, hilo lazima lisemwe kila mahali bila kuchoka. Ila ninapowaona mabinti wale ambao dada zao wakubwa walibaki nyumbani kwa kukosa minervali, yaani ada ya shule, siwezi kutamani tena zile siku za kufukuza watoto katikati ya somo.

Kazi ya Septemba ni majina. Ukiita listi, wengine hawataitika, kwa sababu jina lililoandikwa hawajawahi kulisikia. Nyumbani mmoja anaitwa Nkambo kwa kuwa alipewa jina la babu, mwingine ni Bébé, mwingine Kadogo. Muulize kila mmoja nyumbani wanamwitaje, uandike pembeni, halafu umfundishe polepole jina lake la shule. Asubuhi, saa moja na nusu, mnapopanga mistari mbele ya bendera kwa wimbo wa taifa, pita katikati yao ukiwaita mmoja mmoja. Wimbo wenyewe wataukosea maneno hadi Desemba, usijali. Kinachotakiwa ni kila mtoto asikie kwamba mwalimu anamjua.

Oktoba ndio mwezi ninaoupenda kuliko yote, japo joto lake unalijua. Jakaranda zimetoa maua, barabara za mjini zimekuwa za zambarau, darasani ni tanuri. Hapo naanzisha soko. Napanga mbele ya ubao makopo matupu ya nyanya, vifuniko vya chupa, mawe yanayokuwa mihogo, na vipande vya karatasi nilivyoandika 100, 200 na 500. Mwaka jana kulikuwa na msichana ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu siku ya kwanza. Mama yake anauza mikate soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini. Nikampa meza. Mwenzake akanunua mikate mitatu, kila mmoja faranga mia moja, akatoa karatasi ya mia tano. Yule mtoto hakusita. Akarudisha mia mbili, akamkazia macho, akasema kwa sauti kamili ya mama yake: "Hesabia hapa mbele yangu, usiende ukarudi kusema imepungua!" Darasa zima likalipuka kwa kicheko, naye akacheka, na kuanzia siku hiyo akaongea.

Sasa fikiria jambo hili, Mama Mapasa. Mtoto huyo hakujua kuandika tarakimu 3. Lakini kutoa mia tatu kwenye mia tano alikuwa anajua kitambo. Wanakuja masomoni na mali nyingi vichwani, na mwalimu asiyejua hivyo anaanza kuwafundisha kama watu waliozaliwa jana. Kazi yako ni kumwonyesha kwamba alama unazoandika ubaoni ni zile zile pesa anazozishika jioni akimsaidia mama. Wewe uliyefundisha hesabu za wa tano utaliona hilo upesi kuliko kijana aliyetoka shule ya ualimu juzi.

Mvua ikianza, mambo yanabadilika. Asubuhi ya baada ya mvua ya kwanza kubwa, nusu ya darasa inachelewa: wameamka gizani kuokota kumbikumbi chini ya taa na kwenye vichuguu. Wanakuja na mifuko ya plastiki inayotikisika, mabawa yameganda kwenye sweta. Usiwagombeze. Wahesabie humo humo, waulize nani ameokota nyingi, nani kidogo, wachore. Na mvua inapopiga bati lisilo na dari, hutasikika hata ukipiga kelele hadi sauti ikatike. Mimi huacha maneno kabisa. Naandika silabi ubaoni, wao wanaandika kwenye vibao vyao na kuviinua juu, nasahihisha kwa kidole. Darasa linakuwa kimya ndani ya kelele ile, na nimeona wanaandika vizuri kuliko siku za jua.

Wakati huo huo udongo umelainika, na hapo natumia vichuguu vyetu. Udongo wake unashikana, hauna mawe. Kila mtoto anafinyanga herufi zake: a iliyovimba tumbo, m yenye miguu mitatu. Zinakaushwa dirishani. Mtoto aliyeshindwa kuandika m kwa biki anaipapasa kwa kidole, mara kwa mara, mpaka mkono unakubali. Kwenu Likasi kuna vilima na vichuguu tele, huna haja ya kuomba kitu kwa mtu yeyote.

Novemba na Desemba utakosa watoto, maana familia ziko shambani kupanda mahindi, na maembe nayo yameiva. Mzazi akija kuomba ruhusa, mwambie ukweli: siku tatu sawa, wiki tatu hapana. Wengi wanasikia wakielezwa kwa heshima. Halafu mitihani, buletini za matokeo, na lile swali la wazazi wote: "Amekuwa wa ngapi?" Kwa watoto wa miaka sita, hii nafasi ya kwanza na ya sabini inaniudhi sana. Nimemwona baba akimchapa mtoto getini kwa kuwa wa hamsini, wakati mtoto huyo alikuwa ametoka kwenye kutojua herufi hata moja hadi kusoma silabi zote. Ndiyo maana ninapotoa buletini nina sentensi moja ya kila mtoto: huyu anasoma ma, me, mi, huyu anahesabu hadi ishirini, huyu sasa anaomba msaada bila kulia. Mzazi anasikia hiyo kwanza, namba baadaye. Fanya hivyo hata kama wenzako watasema unapoteza muda.

Januari ni mwezi uliokatika katika: tarehe 4 ya mashahidi wa uhuru, tarehe 16 na 17 za mashujaa. Wengi hawasemi lolote kwa wadogo, eti hawaelewi. Mimi naeleza. Nawaambia kwamba Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961 hapa karibu na mji wetu, Shilatembo, pamoja na wenzake wawili, Mpolo na Okito. Huwa wananyamaza, kisha swali la kwanza ni lile lile kila mwaka: alikuwa na watoto? Nawajibu kwamba alikuwa nao. Basi wanataka kujua nani aliwatunza, na hapo somo la historia limeshaanza lenyewe.

Kuanzia Februari, shika kusoma, na usiachie. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inatupa nafasi ya kufundisha kwa lugha ya mazingira ya mtoto, nasi tuna bahati kwamba Kiswahili kinasomeka jinsi kinavyosikika. Mtoto akishazishika silabi, hakuna wa kumzuia. Utakutana na wazazi wanaotaka Kifaransa tangu siku ya kwanza, wakiamini kwamba ndicho kitakachompatia mtoto kazi. Usigombane nao. Kifaransa cha kusema anakipata kidogo kidogo, nyimbo na salamu, na mwaka wa tatu kitamkuta tayari anajua kusoma ni nini. Aliyeruka hatua hii anafika wa tatu akikariri sauti asizozielewa, nawe umewaona hao, umewapokea wa tano wakiwa bado wanasoma kwa kubahatisha. Sasa ndiyo nafasi yako ya kulizuia hilo mwanzoni.

Machi iliyopita mama mmoja alinisimamisha njiani. Alikuwa akitembea na kijana wake, mmoja wa wale wa benchi la nyuma, wakapita kwenye meza ya muuza maji. Kijana akakwama mbele ya kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu, akaweka kidole hewani, akaanza: ku… ko… ma… ji… ya… ba… Mama anamvuta mkono, mtoto hataki kuondoka mpaka amalize. "Kuko maji ya baridi!" Mama mwenyewe hajui kusoma. Aliniambia alimnunulia mfuko wa maji papo hapo ingawa hakuwa na kiu. Mama Mapasa, katika mwaka wa tano uliwahi kupata kitu kama hicho?

Aprili ina likizo ya Pasaka na siku ya ualimu tarehe 30, mnaijua, sina la kuongeza. Mei, mvua zikiwa zimekatika, tunawapeleka kwenye bustani ya wanyama. Kamati ya wazazi inachangisha nauli, na asiye na kitu tunambeba. Simba wanawavutia, lakini wanaokaa mioyoni mwao ni sokwe wa J.A.C.K., kituo kilichoanzishwa 2006 humo ndani kutunza watoto wa sokwe waliookolewa mikononi mwa wafanyabiashara. Mtoto mmoja aliniuliza mama wa sokwe yule mdogo yuko wapi. Nikamwambia wawindaji walimuua ili wamchukue mwanawe. Hakuuliza tena. Kesho yake kwenye karatasi alichora sokwe wawili, mkubwa na mdogo, akaandika chini yake "mama". Neno hilo aliliandika bila msaada wangu.

Juni ni baridi na mitihani. Asubuhi vidole havishiki biki, kwa hiyo anza na kuruka na kupiga makofi hadi damu ichemke, ndipo waandike. Siku za salongo, kazi ya pamoja ya usafi, mnafagia uwanja na kuosha mabenchi. Baada ya tarehe 30 Juni inabaki siku ya kutangaza matokeo, na siku hiyo makofi mengi yatakuwa ya mwaka wa sita, sitakudanganya. Lakini angalia vizuri wale wa sita wanaopanda jukwaani. Mwaka huu, kati ya waliopita, zaidi ya kumi walianzia kwangu, naweza kukutajia kila mmoja alikaa benchi gani.

Mambo ya kushika mkononi sasa. Shemeji anakuja Likasi Alhamisi na kamioni ya mahindi. Nitampa furushi: vijiti vya kuhesabia vilivyofungwa kumi kumi, kadi kubwa za silabi nilizochora kwenye maboksi, na vifuniko vya chupa, mfuko mzima. Vifuniko vingine omba kwa wenye baa, hawakatai. Kadi za "nya" na "ng'a" zimechakaa, uzichore upya kwa wino mweusi. Tafuta pia kitambaa kizee cha kufutia vibao, maana wakifutia mikono ya mashati, mama zao watakujia juu.

Ukishajua idadi yao niandikie, na uniambie kama darasa lina dari na kama benchi la nyuma linaona ubao. Kama haliuoni, nina wazo jinsi watoto watakavyopokezana nafasi, nitakueleza.

Wabusu mapasa. Msalimie baba yao, mwambie bukari (ugali) ya mahindi mapya ya Aprili bado naikumbuka.

Mwenzako wa benchi moja tangu shule ya ualimu,
Mama wa mwaka wa kwanza, Katuba