Wenye Mustang waanzie kwenye petroli, si kwenye supachaja

Mhariri,

Tangu Ford waanze kuunda Mustang ya usukani wa kulia mwaka 2015, gari hili limeacha kuwa la kutazamwa kwenye picha tu. Mustang zilizotumika Uingereza zinafika huku, na mwenye GT (Mustang yenye injini ya V8, ya silinda nane) hakai nalo sana kabla hajaanza kupekua maduka ya Marekani kwenye simu akitafuta cha kuliongezea nguvu. Naomba nafasi niseme na hao. Wengi wananunua vifaa kwa mpangilio uliopinduka: supachaja (pampu ya kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) kwanza, breki baadaye, petroli hawaiulizi kabisa.

Basi tuanze na petroli. Namba ya oktani (uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo bila kujilipukia) iliyo kwenye pampu za Marekani si sawa na ya kwetu. Wao huchukua vipimo viwili, RON na MON, wakavijumlisha na kugawanya kwa mbili. Sisi tunasoma RON peke yake, na RON ndiyo kubwa kati ya hizo mbili. 93 ya Marekani ni kama RON 98 hivi, 91 yao ni RON 95 au 96, na petroli ya RON 93 kule ingeandikwa 88 au 89. Mtu anaona 93 kwenye maelezo ya kifaa, anaona 93 au 95 kituoni, anaridhika. Hapo ndipo pistoni zinapoanza kuumia, kwa sababu programu ya injini iliyotengenezwa kwa 93 ya Marekani huwasha plagi mapema kuliko petroli hii inavyoweza kuvumilia. Mchanganyiko hulipuka wenyewe kabla ya wakati, na ukiwa na supachaja mlipuko huo huvunja pistoni bila kukupa muda wa kuusikia.

Injini za GT hizi hazilingani. Ya 2015 hadi 2017 ina mgandamizo wa 11 kwa 1, na Marekani ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 435. Ya kuanzia 2018 ina mgandamizo wa 12 kwa 1, sindano za petroli za aina mbili (za kwenye njia ya hewa na za ndani ya silinda), na farasi 460 ilipotoka. Ikiwa haijaguswa, kompyuta yake hurudisha nyuma taimingi (wakati wa kuwasha plagi) inapopewa petroli hafifu. Unapoteza nguvu lakini injini inabaki salama. Ukiweka programu kali umeipunguzia nafasi hiyo ya kujiokoa. Kwa hiyo mwambie mtengeneza programu, kabla hujalipa, kwamba unatumia RON kadhaa, utaje kwa neno RON, na umweleze joto la mji wako. Programu ya Michigan, Marekani, wakati wa baridi haifai Mombasa mwezi wa Februari.

Chujio la hewa la wazi lenye bomba pana ndilo watu hulinunua mwanzo kwa kuwa ni rahisi kufunga. Halina ubaya, ila lina masharti. Sensa ya hewa hupima kasi ya hewa ndani ya bomba la upana fulani. Bomba likiwa pana zaidi, hewa hupita polepole mbele ya sensa, kompyuta hudhani hewa ni kidogo na hutoa petroli pungufu. Taa ya injini ikiwaka ikaonyesha namba za hitilafu P0171 na P0174 kwa pamoja, maana yake pande zote mbili za V8 zinakosa petroli. Chujio la kupakwa mafuta nalo likizidishwa mafuta huchafua waya wa sensa hiyo, na majibu yanakuwa yale yale.

Sasa kuhusu usukani wa kulia, jambo ambalo wauzaji wa Marekani hawalitaji kwa kuwa haliwahusu. Mabomba marefu ya ekzosi yanayofungwa kwenye hedi za injini yamekunjwa kwa gari la usukani wa kushoto. Kwetu shafti ya usukani inashuka upande wa kulia, pale pale bomba linapotaka kupita. Yapo yaliyotengenezwa kwa usukani wa kulia, hasa Australia; ulizia hayo kwa jina hilo. Fundi asikubali kulipiga bomba nyundo ili lipate nafasi karibu na shafti ya usukani. Na ukiona kifaa kimeandikwa ni cha mashindano pekee, ujue mara nyingi kinaondoa kataliti za kusafisha moshi. Huko kwao kuziondoa kwenye gari la barabarani ni kosa chini ya sheria ya hewa safi, na California kifaa cha namna hii hakiruhusiwi barabarani bila namba ya kibali ya jimbo. Sisi tunanunua bila hata kusoma hayo maandishi.

Rimu ni mtego mwingine. Mustang hii ina boliti tano kwenye duara la milimita 114.3, sawa na Toyota na Nissan nyingi, kwa hiyo rimu za Kijapani zinaonekana kama zitaingia. Lakini tundu la katikati la Mustang ni milimita 70.5, wakati la Toyota ni 60.1 na la Nissan 66.1. Rimu haikai kwenye habu (kitovu cha gurudumu). Kuna wanaolichonga tundu kwa grainda, na likishatoka nje ya duara rimu itatikisika daima. Boliti nazo ni M14, si M12. Nati zikazwe kwa Nm 204, kwa spana ya kupimia, zirudiwe baada ya kilomita 100. Tairi za gari lililotoka nje zisomwe tarehe: namba nne ubavuni, 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi ngumu ya miaka saba haiwezi kushika nguvu ya farasi 460, sembuse 700 za supachaja.

Breki zinakuja kabla ya nguvu, na hesabu yake ni fupi: kutoka kilomita 100 hadi 140 kwa saa, kazi ya kulisimamisha gari karibu inakuwa maradufu. GT ya kawaida ina diski za mbele za milimita 352. Yenye Performance Pack (kifurushi cha ziada cha kiwandani) ina za 380 na kalipa za Brembo za pistoni sita. Kabla ya kununua kubwa, badili mafuta ya breki kwanza. DOT 4 (daraja la mafuta hayo) mpya haichemki chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya unyevu kiwango chake kinaweza kushuka hadi 155, na hewa ya pwani ina unyevu wa kutosha. Mafuta yakichemka, pedeli inazama.

Nyuma ya gari kuna tatizo linalovunja vitu vingi. Difu na mikono yake vimebebwa na fremu ndogo iliyofungwa kwa bushi laini za mpira. Ukiondoka kwa nguvu, tairi hushika, huachia, hushika tena, na gari zima hupigapiga. Mishtuko hiyo huvunja ekseli na hufika hadi kwenye injini. Dawa ni vifaa vya kuzibana bushi za fremu, ambavyo bei yake si kubwa, na bushi ngumu zaidi za difu. Kelele ndani ya gari itaongezeka kidogo. Springi za kulishusha gari ni habari nyingine. Kwa matuta yetu, milimita 25 tayari ni nyingi.

Ukishafanya hayo, supachaja ina mahali pa kukaa. Seti kama ya kampuni ya Roush kwa gari la 2018 ilitangazwa kufikisha farasi 700. Kabla haijafungwa, fungua kifuniko cha mbele cha injini. Gia za pampu ya oili za kiwandani ni za unga wa chuma uliogandamizwa, na hupasuka injini inapogonga ukomo wa mizunguko au inapopata mishtuko niliyoitaja. Zikipasuka, oili inakatika papo hapo na injini inakwama. Weka za chuma cha kuchongwa, pamoja na sproketi ya krenki. Kazi hiyo inahitaji minyororo ya taimingi ivuliwe, kwa hiyo asifanye fundi wa kubahatisha. Boliti ya puli ya krenki hairudiwi, nunua mpya.

Plagi ziwe za baridi zaidi (zinazotoa joto haraka) kwa daraja moja, na pengo lipungue kutoka milimita 1.3 hivi hadi 0.7 au 0.8, la sivyo presha itazima cheche na injini itakohoa ukikanyaga. Supachaja hizi zina maji yake ya kupoza hewa, yenye pampu yake. Hewa ikibaki kwenye mzunguko huo, joto la hewa inayoingia hupanda na halishuki, na nguvu uliyolipia inapotea. Toa hewa yote, kisha hakikisha kwa macho kwamba maji yanazunguka.

Jaribio la kwanza lifanyike kwenye mashine ya kupimia nguvu za gari, si barabara kuu. Rekodi mizunguko, taimingi, ishara za sensa inayosikia injini ikigonga, joto la hewa na lamda (uwiano wa hewa na petroli; chini ya 1 petroli imezidi). Presha ikiwa juu, lamda iwe kati ya 0.78 na 0.82, ikipita 0.85, achia mguu na utafute petroli inakwama wapi: pampu, chujio au sindano.

Baada ya kilomita 500 mwaga oili, lita 9.5 kwa injini ya 2018 na kuendelea, 7.6 kwa ya kabla yake. Lipasue chujio na ufungue karatasi yake kwenye mwanga. Ukiona chembe za chuma zinazong'aa, injini isiwashwe tena mpaka kifuniko cha mbele kifunguliwe.

Fundi wa injini za petroli,
Mombasa