Risala ya Walezi wa Masomo ya Jioni kwa Mgeni Rasmi, Wilaya ya Micheweni, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya ya Micheweni;
Ndugu Afisa Mdhamini, Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, Pemba;
Waheshimiwa masheha, walimu wakuu, walimu, na maalim wetu wa madrasa;
Wazazi, walezi na wanafunzi wetu;

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Awali ya yote tunamshukuru Allah (S.W.) aliyetujaalia uzima tukakutana leo. Pili tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wa watu wasio na ofisi wala muhuri.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mbele yako wamesimama watu kumi na wanane. Wamo vijana waliomaliza kidato cha sita, wanafunzi wa chuo wanaosoma hapa hapa Pemba, walimu wawili wastaafu, kina mama wanne wanaolima mwani, na fundi cherehani mmoja. Hakuna anayelipwa. Siku nne kwa wiki, watoto wakishatoka chuo cha Kurani, tunakaa nao kwenye banda la madrasa tuliloazimwa: darasa la tano na la sita baada ya laasiri, kidato cha kwanza na cha pili baada ya isha. Watoto wanatuita maalim na ukti, yaani dada, ingawa wengi wetu hatukusomea ualimu. Tumelipokea jina hilo kama amana.

Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo kwa kila mtoto wa Zanzibar. Wazee waliokaa safu ya mbele hapa ndio watoto wa tangazo lile. Mmoja wao ametuhadithia kwamba yeye ndiye wa mwanzo kwao kujua kusoma barua. Mlango ule haujafungwa tangu hapo. Ila tumeona kwa macho yetu kwamba mtoto anaweza kutoka kwa mlango huo huo, kidogo kidogo, na mwalimu mwenye darasa lililojaa asitambue mpaka kiti kimekuwa cha mwengine.

Tunaomba kwanza tuseme kosa letu. Tulipoanza tulibandika tangazo msikitini na dukani: anayetaka kusaidiwa masomo aje. Wakaja wengi, tukafurahi. Miezi mitatu tulifundisha kwa bidii, ndipo mwalimu mstaafu mmoja miongoni mwetu akatuuliza, "Hawa mnaowafundisha, nani kati yao alikuwa ataacha skuli?" Tukatazamana. Hakuwepo hata mmoja. Waliokuja ni wale ambao baba anawahimiza, wenye mabuku, wenye taa nyumbani. Tuliyemkusudia alikuwa pwani, au dago kwenye kambi ya wavuvi, au chini ya mkarafuu, na tangazo letu hakulisoma. Wazee wetu husema asiyekuwepo na lake halipo. Kwenye darasa letu msemo huo ulikuwa kweli tupu, na sisi ndio tulioutimiza.

Tukaacha kusubiri. Tukaenda kwa mwalimu mkuu tukaomba rejista ya mahudhurio, tukaketi nayo siku mbili. Hapo ndipo tulipojifunza jambo ambalo tunadhani kila anayetaka kusaidia watoto wa vijiji vya pwani alijue.

Tuliandika siku za utoro za wasichana wa darasa la sita, tukaziweka kando ya kalenda ya mwezi mwandamo. Zilikusanyika mahali pawili: mwezi unapoandama, na mwezi unapotimia. Mama mmoja wa mwani alitazama karatasi ile akacheka kwa uchungu. "Hilo bamvua," akasema. Bamvua ni yale maji makubwa ya mwezi unapoandama na unapotimia, na hapa kwetu hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi, wakati mtoto yuko darasani, na hizo ndizo siku za kufika kwenye mashamba ya mwani, kukaza kamba, kubadilisha vigingi, kuvuna. Mama mwenye watoto wadogo na kamba nyingi anahitaji mkono wa pili, na mkono huo ni wa binti yake. Anakosa siku nne, anarudi, anakosa nne nyengine. Hakuna siku aliyoamua kuacha skuli. Ila kila anaporudi hesabu imeshapita mbele yake, mpaka siku moja anaona haya kurudi.

Wavulana wao wana kalenda yao. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbaamwezi ukitoka wavuvi hupumzika. Mvulana hupotea giza likiingia, huonekana tena mwezi ukiwa mkubwa. Na ukifika msimu wa karafuu, wote wawili wapo mashambani, mmoja anachuma, mwengine anaokota na kuchambua.

Mheshimiwa, tungelikuwa watu wa kulaumu tungeliishia hapo, tukasema wazazi hawapendi elimu. Tumeingia majumbani mwao, na hilo si kweli. Mzazi anayemtoa mtoto darasani siku ya bamvua anajua anachokitoa. Ndiyo maana hatukwenda na hotuba. Kina mama wanne walio pamoja nasi waliteremka pwani na wenzao, wakapanga wawili wawili, leo shamba lako kesho langu, ili mikono ya watu wazima itoshe kwa yale yanayofanywa ndani ya maji. Kufunga mbegu kwenye kamba kunaweza kufanywa barazani jioni, na binti akasaidia akishatoka skuli. Si nyumba zote zilizokubali. Zilizokubali, binti zao wanaonekana kwenye rejista hata mwezi ukitimia. Waliokosa, tunawafidia kipindi siku ya pili yake, na mlezi anakwenda kumgongea mlango kumwambia tumefika wapi. Kule kugonga mlango ndiko kulikowarudisha wengi kuliko masomo yenyewe.

Kwa dago tulikuwa wepesi wa kuahidi kuliko tulivyoweza. Kijana mmoja wa darasa la sita tulimfuata kambini Ijumaa moja baada ya sala. Tulikaa na wavuvi mchana kutwa, tukala nao, hatukumtaja. Jioni tukaona ubavuni mwa chombo hesabu zilizoandikwa kwa mkaa: matenga, mgao wa chombo, mgao wa kila mtu. Tukauliza nani karani. Nahodha akamwonesha yeye. Mtoto aliyeandikwa skuli kuwa ni mzito wa hesabu ndiye aliyekuwa akigawa mapato ya watu wazima, na hakuna aliyewahi kumlalamikia.

Tukapatana na nahodha amwachie wakati wa mbaamwezi aje asome, giza arudi kazini. Wakati ule tuliona tumefanya la maana. Leo tunasema wazi kwamba tulikosea. Nusu mwezi ya masomo haikumtosha, na sisi tulikuwa tumeshaipa baraka kazi ya usiku kwa mtoto mdogo. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, ipo, na sheha wetu alitukumbusha hivyo bila kutufokea. Ilibidi turudi tena, safari hii pamoja na sheha na mjomba wa kijana, tukapata neno jengine: hatakwenda kabisa siku za skuli. Jambo lililomtoa kambini ni kwamba mjomba aliona zile hesabu za mkaa. Akasema, "Kumbe huyu tunampoteza." Kijana huyo yuko kidato cha kwanza sasa. Hatutamtaja, na tunaomba asitafutwe kwa macho.

Kuhusu masomo yenyewe tutasema machache. Sera ya elimu ya mwaka 2006 iliweka hesabu na sayansi kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na wengi tuliowapokea walinyamaza hapo hapo. Binti mmoja aliulizwa nusu na robo mbili, ipi kubwa, kwa Kiingereza. Akatazama chini. Mlezi wake akamuuliza kwa lugha ya nyumbani: nusu pishi ni vibaba vingapi? Viwili, akajibu kabla swali halijaisha, maana pishi ni vibaba vinne na yeye ameshuhudia karafuu zikipimwa kila msimu. Kibaba kimoja ni nini cha pishi? Robo. Basi robo mbili? Akanyamaza kidogo, akatabasamu. Tangu siku hiyo kwetu pana pishi ya bati na kibaba chake juu ya meza. Tunaanza na jambo ambalo mtoto analijua kwa mikono yake, kisha tunampa neno la Kiingereza la kuliita, kwa sababu mtihani utamuuliza kwa neno hilo. Kulirahisisha jambo si kulishusha, na tungependa walimu wasituone kama tunabishana nao. Wao wana watoto wengi mno kwa kila mmoja wao. Sisi mlezi mmoja ana watoto watatu, basi.

Idadi hiyo ya watatu tumeishikilia kwa makusudi. Mlezi anatakiwa ajue mtoto amelala wapi jana, nani mgonjwa nyumbani, na kwa nini leo kalamu hana. Watoto ishirini hutayajua hayo. Tunayo na masharti mengine tuliyojiwekea. Hakuna mlezi anayekaa na mtoto peke yake mahali pa faragha. Banda liko wazi pande zote, na kila anapokwenda nyumba ya mtu huenda na mwenzake. Majina yetu yote anayo sheha. Mambo ya nyumba ya mtu hayatoki nje, isipokuwa pale mtoto anapodhuriwa, na hapo tunajua pa kwenda: kwa sheha, kwa maofisa wa ustawi wa jamii, na polisi kwenye dawati la jinsia na watoto.

Na lipo sharti ambalo limetugharimu watu. Anayetaka kujitolea kwetu lazima aahidi mwaka mzima. Tuliwahi kuwapokea vijana wazuri, wenye moyo, wakakaa wiki sita, wakapata kazi au safari, wakaondoka bila kuaga. Binti mmoja aliyekuwa ndio kwanza ameanza kunyanyua mkono darasani alimsubiri ukti wake siku tatu mfululizo kwenye ngazi ya banda. Siku ya nne binti hakuja, na hajarudi tena kwetu mpaka leo hii. Hatuwalaumu wanaotafuta riziki, nasi ni vijana tunaijua hali. Lakini mtoto ambaye ameshaachwa mara moja na baba aliyehama, au na mwalimu aliyehamishwa, kwake yeye mlezi wa wiki sita ni jeraha jengine. Bora asimpate.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, yapo tunayoyaomba. Fedha tunazihitaji kama kila kikundi, ila hilo tumeliweka nyuma.

Kubwa ni rejista. Tunaomba utaratibu uwe wa wilaya nzima kwamba mwalimu mkuu na sheha wakae mara moja kwa wiki, wataje kwa majina watoto waliokosa siku tatu, na mtu apelekwe nyumbani kwao wiki hiyo hiyo. Sisi tuko tayari kuwa ndio wa kutumwa. Mtoto akifuatwa siku ya nne hurudi kwa maneno matatu. Akifuatwa mwezi wa nne, ameshapata kazi, au ameshaposwa.

Pia tunaomba taa. Umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulifika Pemba mwaka 2010 na nguzo zinapita karibu na banda letu, lakini banda halijaungwa. Wanafunzi wa kidato cha pili wanasoma baada ya isha kwa mwanga wa simu zetu, na simu moja huzima kabla ya nyengine.

Kwa wanaojitolea, tunaomba barua ya utambulisho yenye saini ya Wilaya. Kijana aliyetumikia mwaka mzima awe na kitu cha kuonesha atakapoomba kazi, na mzazi anayepigiwa hodi na wageni wawili jioni ajue ni nani. Na kwa watahiniwa wasichana wanaotoka mbali, wakati wa kambi za mitihani, tunaomba nafasi kwenye dahalia iliyo karibu, au angalau uji wa jioni, kwani njaa ya saa kumi na moja haimwachi mtu akaona kilichoandikwa ubaoni.

Mheshimiwa, mwisho tunakukabidhi daftari hili. Ndani yake yameandikwa majina ya watoto ishirini na mmoja wa shehia hizi ambao wana umri wa kuwa skuli na leo hawapo kwenye sherehe hii. Wazazi wao wameridhia tukupe wewe peke yako, hivyo tunaomba yasisomwe hapa. Mbele ya kila jina tumeandika nyumba ilipo, siku aliyokosa mara ya mwanzo, na nani katika sisi ameahidi kumfuata. Yapo majina sita ambayo nafasi hiyo ya mwisho iko wazi, kwa sababu watu wetu wamekwisha.

Tunaomba kuwasilisha.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.