Fedha za hafla za taarab asilia zifike kwenye kurekodi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kidogo kuhusu hafla za kuchangia taarab asilia hapa Unguja. Sizipingi. Nimenunua tiketi mara kadhaa na nitanunua tena. Ombi langu ni kwamba fungu la kurekodi litengwe mwanzo, kabla ya kulipia ukumbi na chakula, maana wazee wetu bado wana vidole na pumzi.

Katika hafla ya mwisho nilikaa karibu na mpiga ganuni. Chombo kile kina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti. Mzee alianza kuzikaza saa nzima kabla wageni hawajaingia, ufunguo mdogo mkononi, sikio limeinamia mbao, maana unyevu wa pwani hauziachi zitulie. Pahala pawili palikuwa na nyuzi mbili badala ya tatu. Nikamuuliza. Akanambia, "Mwanangu, uzi huu Darajani hupati. Nangoja mtu anayetoka Cairo."

Usiku ule zilitolewa ahadi nyingi. Miezi imepita, nyuzi hazijafika, na rekodi tuliyoahidiwa ilifanywa kwenye studio ya chumba kimoja: mwimbaji peke yake, na kinanda cha umeme kikaiga filimbi ya nai na fidla. Niliisikiliza mara moja nikasikitika.

Taarab haipigwi hivyo. Mwimbaji akivuta neno, fidla zinamsubiri. Akilikata, ngoma ya dumbak imeshajua. Lazima wakae pamoja waonane macho. Ikhwani Safaa ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club ya Vuga, iliyoanza mwaka 1958, zimelea wapigaji wao kwa kukaa pamoja namna hiyo. Basi turekodi ukumbini, usiku magari yakishapungua, mafeni yazimwe, wapigaji wote wawepo. Gharama zipo: nauli, posho, fundi mitambo, siku kadhaa za mazoezi. Ndizo hasa zinazostahili michango yetu.

Leo tunamsikia Siti binti Saad kwa sababu mwaka 1928 alipanda meli na wenzake mpaka Bombay, wakaimba mbele ya mitambo ya HMV, kampuni ya santuri. Bibi yangu alikuwa akiziimba beti zile huku akichambua mchele. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, akaziimba nyimbo za Siti mbele ya dunia. Waliobaki nyumbani bila kurekodiwa, sauti zao wamekwenda nazo kaburini.

Tusingoje wafadhili wa nje. Mwaka 2019 chuo cha Dhow Countries Music Academy, kilichokuwa kikifundisha ganuni, udi na fidla katika jengo la forodha la zamani pale Mizingani, kilisema hadharani kwamba fedha zimekauka na huenda kikafunga milango. Niliposoma habari ile nililia, siwafichi.

Sisi tuna kutunza. Mtu huinuka kwenye kiti, akaenda taratibu mpaka jukwaani, akamtunza mwimbaji pesa kwa beti lililomgusa. Tunzo la mwimbaji libaki lake. Ila katika kila hafla liwekwe na sanduku la pili, la kurekodi tu, lihesabiwe mbele ya watu kabla hatujatawanyika. Rekodi ikitoka, yaandikwe majina ya wapigaji wote, mpaka wa rika, yaani tari ndogo, na dumbak, na kila mmoja apate sehemu yake ya mauzo.

Mzee wa ganuni yuko tayari. Ana bashraf mbili, yaani vipande vya kupigwa kwa ala bila kuimba, alizofundishwa na mwalimu wake ujanani. Anasema zote mbili ziko kichwani, hazijaandikwa popote, na kijana wake mmoja ameshajifunza nusu ya ile ya kwanza.

Msikilizaji wa taarab asilia,
Unguja