Barua ya wazi kwa Kamishna wa Usawa wa Umoja wa Ulaya: faili la Ucheki kuhusu watoto wa Kiroma kutengwa shuleni limefikia wapi?

Mheshimiwa Kamishna,

Pokea salamu zangu na heshima zote unazostahili. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Ostrava, mji wa Ucheki, nafanya kazi kiwandani zamu ya usiku. Barua zangu za Kicheki na Kiingereza hazikujibiwa. Hii naiandika kwa Kiswahili, angalau ndugu zangu waisome.

Wiki iliyopita mtoto wa jirani yangu, Mroma (si mtu wa jiji la Roma, bali wa jamii ya Waroma, walio wachache hapa Ulaya), alihamishwa darasa. Alipimwa akili, mama yake akapewa karatasi asaini, basi. Sasa yuko kwenye darasa la masomo yaliyopunguzwa, na wenzake humo karibu wote ni Waroma. Mheshimiwa, huyo ndiye anayemfundisha binti yangu kuzidisha! Dukani huwa ameshaijua chenji ya bibi yake kabla muuzaji hajafungua droo. Nilipouliza shuleni nikaambiwa: mama mtu amekubali, sahihi yake hii hapa.

Sahihi za namna hiyo zilishajibiwa na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, kule Strasbourg, tarehe 13 Novemba 2007. Watoto 18 wa Kiroma wa mji huuhuu waliishtaki Ucheki, wakashinda kwa kura 13 dhidi ya 4. Takwimu walizowasilisha zilionyesha kuwa mtoto wa Kiroma hapa Ostrava alikuwa na uwezekano mara 27 zaidi wa kupelekwa shule maalumu, yaani za watoto wenye ulemavu wa akili, kuliko asiye Mroma. Majaji wakasema bayana kwamba mzazi hawezi kusaini ili mwanawe abaguliwe. Kila mtoto akapewa euro 4,000. Na hizo shule maalumu? Zilikuwa zimeshafutwa tayari, kwa jina. Bango jipya, madawati yaleyale.

Mwaka 2014 Tume yenu, Tume ya Ulaya, ikafungua shauri dhidi ya Ucheki kwa kuwabagua watoto wa Kiroma shuleni. Ikafuata Slovakia 2015, kisha Hungaria 2016. Slovakia mliamua kuifikisha kwenye Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya 2023. Ya hapa kwetu je? Badala yake tuna mkakati wenu wa 2020 hadi 2030, unaoahidi kupunguza sehemu ya watoto wa Kiroma wanaosoma kwa kutengwa angalau kwa nusu. Nusu! Nisaidie basi: huyu wa jirani yangu yumo katika nusu ipi?

Nadhani, na hapa nakisia tu, serikali zinawaogopa wazazi watakaowahamisha watoto wao wasikae na Waroma, nanyi mnaziogopa serikali. Wajumbe wenu wakija Afrika kutufundisha haki za walio wachache huwa hawaogopi mtu.

Wala usidhani nawasemea wengine tu. Nilipokwenda kutazama nyumba ya kupanga, dalali aliniuliza mlangoni kama mimi ni Mroma. Nikasema natoka Tanzania. Akafikiri kidogo, akasema hata hivyo imeshachukuliwa. Tangazo lake lipo mpaka leo. Na juzi binti yangu naye ameitwa akapimwe. Karatasi nimeletewa. Sijasaini na sisaini.

Siombi semina. Siombi mkutano wala mkakati mwingine wenye picha za watoto wanaocheka jaladani. Naomba jibu moja, kwa lugha yoyote uipendayo: faili la 2014 limefikia wapi? Kama limefungwa, tuambieni nani alilifunga. Kama liko wazi, linasubiri nini? Limefikia wapi, Mheshimiwa?

Wako mtiifu,
Mama wa mwanafunzi wa darasa la tatu, Ostrava