Dada yangu ananenepa na huzuni haimuachi, tuanze kutibu kipi?

Habari zenu ndugu zangu, natumai mu wazima. Naomba ushauri kuhusu dada yangu, tuko Tanga, mimi ndo naishi naye, na hapa nyumbani kila mtu ana lake mpaka nimechoka kusikiliza.

Dada ana miaka 44 na ni mjane. Zamani alikuwa mwanamke wa shughuli kwelikweli, alfajiri keshachoma vitumbua vyake, anapanda baiskeli anapeleka sokoni Mgandini, akirudi anaingia kwenye mihogo ya jioni. Mumewe alipofariki akakaa eda yake miezi minne na siku kumi, majirani wakawa wanaleta vyakula na kukaa naye, na eda yenyewe mi sina neno nayo maana ilimpa nafasi ya kulia na kuzungukwa na watu. Shida ni kwamba eda iliisha na yeye hakutoka. Baiskeli iko uani matairi yamelala, biashara kamuachia binti yake, yeye ni kitandani kibarazani, kibarazani kitandani.

Mwili ukaanza kuongezeka na watu wakawa wanamsifia, umenawiri bibie, yani mtu anaona mwili tu haoni macho. Sa hivi ana kilo 96 na urefu wake ni sentimita 158, ukipiga ile hesabu ya uzito kwa urefu inakuja 38 na kitu, wakati unene wa kupitiliza unaanza kuhesabiwa kuanzia 30. Harusini haendi tena, fundi hataki kwenda kupimwa, kabakia na madera mawili anayabadilisha hayohayo.

Ila usiku ndo naona mengi. Anaamka saa nane huko anaenda jikoni, taa hawashi, anachukua kiporo cha wali anakula hivohivo cha baridi amesimama. Siku moja nikamfuata nikamuuliza dada una njaa? Akanambia sina njaa mdogo wangu, hata ladha siisikii, ila nikila kifua kinatulia kidogo. Akirudi kulala anakoroma alafu pumzi inakata kabisa, kimya, mpaka nakaa kitako namuangalia, ndo anashtuka anavuta hewa kama mtu aliyetolewa majini. Asubuhi anaamka amechoka kuliko alivyolala.

Hospitali tumeenda. Mara ya kwanza ilikuwa kichwa na kukosa usingizi, akaandikiwa amitriptyline, ni dawa ya sonona ila huwa wanaitoa pia kwa kichwa na usingizi, na usingizi ulikuja kweli lakini hamu ya kula nayo ikaja, hasa vitu vitamu, na kilo nyingi zimeingia kuanzia hapo. Baadae tukaenda sehemu nyingine, sukari akiwa hajala ikasoma 6.7 na presha 150 kwa 95. Wakasema kisukari kamili kinaanzia 7 kwahiyo bado ila yuko mlangoni, akapewa karatasi ya vyakula, apunguze wanga, aache soda, atembee nusu saa kila siku, na tarehe ya kurudi. Hakuna aliyemuuliza analalaje, hakuna aliyeuliza mumeo alifariki lini, hakuna aliyeuliza unatumia vidonge gani. Na wale waliompa vidonge nao hawakumpandisha kwenye mzani hata mara moja. Dada yangu ni mmoja lakini ana madaftari mawili ya hospitali na hakuna daktari aliyewahi kuyafungua yote kwa pamoja, hilo ndo linaloniuma kuliko yote.

Ile karatasi aliikunja akaiweka chini ya godoro. Akasema wameniita mlafi. Daktari hakutamka hivo mi nilikuwepo, lakini yeye ndo alivyosikia, na siku hiyo hakula mchana kutwa, usiku akala mara mbili.

Kuna binti wa jirani anasomea uuguzi, ndo alinifungua macho. Akanieleza kwamba mafuta ya tumboni hayakai tu kama mzigo, yanatoa kemikali zinazoleta uvimbe wa ndani kwa ndani na zinafika mpaka kwenye ubongo, insulini, ile homoni inayoshusha sukari, nayo inaanza kugoma kufanya kazi vizuri, mtu anakuwa mchovu, kichwa kizito, hana raha. Alafu upande wa pili huzuni ya muda mrefu inapandisha homoni ya kotisoli, hiyo inaongeza sukari kwenye damu, inaleta hamu ya kula na inapeleka mafuta tumboni hukohuko. Akanionyesha utafiti wa 2010 uliojumlisha tafiti 15, waliokuwa na unene wa kupitiliza walikuwa na hatari zaidi ya kupata sonona, yani ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha, baadae kwa asilimia 55, na wenye sonona hatari yao ya kunenepa hivo ikazidi kwa asilimia 58. Yani kila kimoja kinamvuta mwenzake. Nilivyosoma nikaona ni dada yangu kabisa, sasa kwanini anatibiwa kama watu wawili?

Nyumbani sasa. Mama anasema asomewe kisomo, na mi dua sipingi hata kidogo, anasomewa na anatulia. Shangazi anasema ni uvivu. Kaka yetu kaleta vidonge vya kukata tumbo kanunua mtandaoni, havina hata maandishi ya kueleweka, nimevificha na sitavitoa mpaka mtu anayejua aniambie ni vitu gani.

Kilichonifanya niandike ni neno alilosema wiki iliyopita tukiwa tunachambua mchele. Alisema bora mngeniacha nimfuate baba watoto wangu. Nikamuuliza moja kwa moja dada unafikiria kujidhuru? Akasema hapana, nimechoka tu. Simuachi peke yake tangu siku hiyo, vidonge nakaa navyo mimi nampa cha siku, na sitaki kusubiri tarehe ya kliniki, wiki hii nampeleka.

Sasa naombeni mnisaidie. Nikifika nianzie wapi, kwenye sonona au kwenye sukari na uzito, au niyaweke madaftari yote mawili mezani nikatae kutoka mpaka yasomwe pamoja? Nasikia kuna dawa za sonona ambazo haziongezi mwili kama hii, ni sawa ndugu wa mgonjwa kuomba abadilishiwe au daktari ataona namfundisha kazi? Kuacha ghafla najua haitakiwi kwahiyo anaendelea nayo. Na huku kukata pumzi usingizini kunapimwa hapa Tanga au mpaka Dar?

Alafu kuna la kuongea nae. Nikimwambia twende tukatembee anaona namsema mwili wake, nikinyamaza naona anazama. Juzi nilimuomba anisindikize kwa binti yake gengeni, akakubali, tukaenda polepole tukarudi na jioni hiyo aliongea kidogo, ila kesho yake akagoma. Mliopitia haya, wenyewe au na mzazi au mke, mlikuwa mnatumia maneno gani? Na waliopona, kipi kilianza kubadilika kwanza, usingizi, mwili au roho? Nitashukuru sana, hata mwenye mawili matatu aandike.